Beseni la Viluwiluwi: Tuwafundishe Watoto Kutunza Maji Tuliyopewa

Hotuba iliyotolewa Shighatini, Upare Kaskazini, katika semina ya kamati za sharika na waalimu wa shule ya Jumapili. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.



Tulipotuma barua za mwaliko na kuandika kwamba mada ya leo ni kulea viluwiluwi nyumbani pamoja na watoto mpaka wawe vyura, baadhi yenu mlipiga simu kuuliza kama karani amekosea. Hakukosea. Tumezoea kukutana hapa kuzungumzia miche ya miti, majiko sanifu, mbuzi wa maziwa na mabomba ya maji. Leo tunamzungumzia chura, kwa sababu mambo hayo yote yanarudi kwenye maji, na hakuna mnyama wa kijijini kwetu anayeyajua maji kuliko yeye.

Tunalotaka kusema ni moja. Mtoto aliyelea kiumbe ndani ya maji kwa wiki kadhaa hayaoni tena maji kuwa kitu cha kuchota tu. Na mzazi aliyemtazama mtoto wake akilea, husita kabla ya kuosha bomba la dawa kwenye mfereji. Mahubiri ya mazingira tumeyatoa miaka mingi. Beseni moja uani linaweza kufanya kazi ambayo mahubiri yetu hayakuimaliza.

CHURA KATIKA MAANDIKO NA KATIKA NYUMBA ZETU

Tukubali kwanza kwamba chura hapendwi. Watoto humpiga mawe, akina mama humfukuza jikoni kwa fagio, na methali yetu humtaja kama mpiga kelele ambaye hata ng'ombe hamjali akija kunywa maji. Wakristo nao wana sababu zao. Katika Kutoka sura ya 8 vyura ni pigo juu ya Misri, wanaingia mpaka vitandani na kwenye vyombo vya kukandia unga. Katika Ufunuo sura ya 16 roho wachafu wanafananishwa na vyura.

Lakini tuisome habari ya Misri mpaka mwisho wake. Pigo lilikuwa ni vyura kutoka mahali pao na kujaa mahali pasipo pao. Farao alipoomba vyura waondolewe, Musa aliahidi kwamba vyura wangebaki mtoni tu. Mto haukulaaniwa kwa kuwa na vyura. Mto ndiyo nyumba yao, na chura akiwa nyumbani kwake ni baraka: usiku anakula kumbikumbi, mende, viwavi na wadudu wengine wa bustani, naye pia ni chakula cha ndege na nyoka. Katika Mwanzo mwanadamu alipewa bustani kwa kazi mbili, kuilima na kuilinda. Sisi Wapare kulima tunajua sana. Ni kulinda tunakokumbushana leo.

NDIVA ZETU

Wageni wetu watauliza viluwiluwi hao wanatoka wapi. Wenyeji mnajua: wanatoka kwenye ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo lililochimbwa na wazee wetu mlimani ili kukusanya maji ya kijito. Usiku maji yanajaa. Mchana yanafunguliwa na kupita kwenye mifereji kwenda mashambani, kila mmoja kwa zamu yake. Kazi ya kusafisha tope na kuziba kingo hufanywa kwa msaragambo, watu wote pamoja. Ndiva ziko Upare Kaskazini na Upare Kusini, na ni za zamani kuliko sharika zetu. Wamisionari wa Leipzig walipofika milimani humu mwanzoni mwa karne ya 20 walikuta watu wanaojua kugawana maji.

Mvua za vuli na za masika zinapoanza, vyura huja kwenye ndiva, kwenye kingo za mifereji na kwenye madimbwi ya barabarani. Dume huita, jike hufuata sauti. Mayai yao tunaweza kuyatambua kwa macho. Vyura wengi hutaga fungu la mayai yaliyoshikana kwa utelezi mweupe unaopitisha mwanga, na kila yai lina nukta nyeusi katikati. Wale vyura wa bustanini wenye ngozi ya vipele hutaga mayai kama shanga kwenye nyuzi ndefu zilizozungushiwa majani, na jike mmoja hutaga mayai maelfu. Kule nyikani, upande wa Mkomazi, wapo vyura wa mitini wanaotaga ndani ya povu jeupe lililoning'inia kwenye tawi juu ya dimbwi. Mayai yakianguliwa, viluwiluwi wanadondoka majini.

Kati ya mayai hayo maelfu, wanaofikia utu uzima ni wachache sana. Wengine huliwa, na wengine hukaukiwa na dimbwi. Kwa hiyo kuchukua viluwiluwi 10 kwa malezi ya watoto hakupunguzi kitu katika ndiva, mradi kuchukua huko kufanywe kwa adabu na wahusika warudishwe kwao.

NAMNA YA KUANZA

Tunaeleza polepole, kwa kuwa waalimu wa shule ya Jumapili watapenda kuandika.

Kwanza, ombeni ruhusa. Mwambieni mzee anayesimamia zamu za ndiva, na kamati ya usharika imtaarifu afisa maliasili. Msichukue chochote katika msitu wa hifadhi.

Pili, anayechota awe mtu mzima, kwa kopo lililofungwa kwenye mti mrefu. Watoto wasiingie majini. Ndiva ina kina na tope, na watoto wamepoteza maisha katika mabwawa madogo kuliko hayo. Tena, maji yaliyotulia yenye konokono yanaweza kuwa na kichocho.

Tatu, tumieni beseni pana la plastiki. Beseni pana linapokea hewa zaidi kuliko ndoo nyembamba. Kwa beseni la lita 10, viluwiluwi 10 wanatosha kabisa. Wakizidi, maji huchafuka na wakubwa huwashinda wadogo kwa chakula. Msitumie chombo cha shaba, wala chombo kilichowahi kuwekwa dawa ya shambani au sabuni, hata kama kimesuuzwa mara 10.

Nne, maji yawe ya pale pale walipochukuliwa. Ikiwa mnaongeza maji ya bomba yaliyotiwa klorini, yaacheni wazi kwa siku nzima kwanza, ili klorini ipungue. Maji ya mvua yanafaa, lakini yale ya mwanzo yanayoosha bati yaachwe yapite.

Tano, beseni likae kivulini mahali penye mwanga. Jua la saa 7 mchana hupasha beseni mpaka viumbe wakafa. Wekeni mawe mawili matatu yenye ukoga wa kijani, kwa kuwa kiluwiluwi mdogo hula kwa kukwangua ukoga huo. Chakula cha kuongeza ni jani la mchicha lililochemshwa likalainika, kipande cha ukubwa wa ukucha. Wakishaota miguu ya nyuma, wapewe pia chembe ya dagaa aliyesagwa au kiini cha yai lililochemshwa. Kinachobaki kitolewe jioni ile ile. Viluwiluwi wengi wa mabeseni hufa kwa kushiba watu huruma: watoto wanawatupia ugali, ugali unaoza, maji yananuka, na asubuhi wote wanaelea.

Sita, kila baada ya siku mbili toeni theluthi ya maji na kuweka mengine ya aina ile ile. Msibadilishe yote kwa mara moja.

Saba, beseni lifunikwe kwa kipande cha chandarua. Tutaeleza sababu.

Nane, mikono. Kabla ya kugusa, mtoto anawe kwa maji matupu, kwa kuwa sabuni huwadhuru. Baada ya kugusa, anawe kwa sabuni, kwa kuwa vyura wanaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha. Chura mwenye vipele ana sumu kwenye ngozi yake, kwa hiyo mkono usiende mdomoni wala machoni. Kikombe cha beseni kisirudi mezani.

MIGUU INAPOOTA

Sasa ndiyo sehemu watoto wanayoisubiri. Kila mtoto awe na daftari, achore anachokiona, na aandike tarehe.

Kiluwiluwi anapotoka kwenye yai hana mdomo wa kula. Anajishikiza kwenye jani na kuishi kwa kiini alichotoka nacho. Baada ya siku chache anaogelea na kupumua kwa mashavu kama samaki. Utumbo wake ni mrefu uliojizungusha kama kamba, kwa kuwa chakula chake ni majani na ukoga. Kwa baadhi ya viluwiluwi unaonekana wazi tumboni ukimtazama kwa chini kupitia chupa ya kioo.

Miguu ya nyuma huonekana kwanza, midogo kama nyuzi. Ya mbele inaota kwa siri ndani ya ngozi, kisha siku moja inajitokeza, mara nyingi mmoja kabla ya mwenzake. Hapo kiluwiluwi anaacha kula. Watoto huogopa na kudhani anaumwa. Haumwi. Mdomo wake mdogo wa kukwangua unageuka kuwa mdomo mpana wa kukamatia wadudu, na utumbo mrefu unajifupisha. Siku hizo anaishi kwa mkia wake: mkia unamezwa na mwili kutokea ndani na kuwa akiba ya chakula. Mashavu ya samaki yanaisha na mapafu yanaanza kazi.

Wakati huo ni lazima awe na mahali pa kupanda. Wekeni jiwe linalotokeza juu ya maji, au inamisheni beseni ili upande mmoja uwe mkavu. Mwenye mapafu asipopata pa kupumzika atazama katika maji yale yale yaliyomlea. Mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili alitumia jambo hili kueleza ubatizo na maisha mapya. Hatutaki kumwingilia mchungaji wetu katika kazi yake, lakini watoto walielewa.

Muda wote huo ni wiki ngapi? Kwa vyura wa bustanini ni kama wiki 5 hadi 10, kutegemea joto na chakula. Huku kwetu mlimani maji ni baridi, kwa hiyo msiharakishe. Wapo vyura wa vijito ambao viluwiluwi wao huchukua miezi mingi. Mtoto akiona viluwiluwi wake ni wakubwa lakini hawana dalili ya miguu baada ya miezi mitatu, awarudishe kwenye kijito, nao watamaliza huko.

Mkia ukiisha, chura mdogo arudishwe siku ile ile au inayofuata, jioni, kwenye majani mabichi kando ya maji alikotoka. Msimweke nyumbani. Chakula chake sasa ni wadudu wadogo sana walio hai, na hakuna mtoto awezaye kumkamatia wa kumtosha. Tena arudishwe mahali pale pale alipochukuliwa, si ndiva nyingine wala mto wa kijiji kingine. Sababu ya amri hii tutaiona tukifika Kihansi.

KILUWILUWI WA MBU SI KILUWILUWI WA CHURA

Lugha yetu inatumia neno moja, kiluwiluwi, kwa mtoto wa chura na kwa mtoto wa mbu. Kwa hiyo mama akisikia kwamba kanisa linawafundisha watoto kufuga viluwiluwi, ana haki ya kuwaza malaria. Kila familia hapa inajua malaria ni nini.

Basi tuwatofautishe. Kiluwiluwi wa chura ana kichwa cha mviringo na mkia mpana, anaogelea taratibu na kukaa sana chini. Kiluwiluwi wa mbu ni mwembamba kama uzi, anajipinda na kujikunja anapokwenda, na hurudi juu kupumua. Yule wa mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji, na wa mbu wa kawaida wa nyumbani huning'inia kichwa chini. Watoto wakijifunza kuwatofautisha kwenye beseni, wataweza kuwatambua kwenye kopo lililotupwa, kwenye tairi bovu na kwenye pipa la maji. Hiyo ni elimu ya afya ambayo hatukuilipia semina.

Ndiyo maana beseni linafunikwa chandarua na maji yanabadilishwa. Mbu huhitaji kama wiki moja au mbili tu kutoka yai hadi kuruka. Beseni lililosahaulika ni hatari, na mtoto akichoka kulitunza, viluwiluwi wake warudishwe ndivani na beseni lianikwe. Tusitegemee kwamba viluwiluwi wa chura watawala wa mbu, kwa kuwa wengi wao wanakula ukoga.

MABESENI MAWILI

Tunafika mahali pagumu kidogo, na tunaomba tusikilizane kama ndugu.

Katika moja ya mitaa tunayoitembelea, watoto wa darasa moja la shule ya Jumapili waliweka mabeseni mawili. Viluwiluwi walikuwa wa ndiva moja. Beseni la kwanza lilijazwa maji ya juu, mfereji unapoingia. La pili, kwa kuwa nyumba ile iko bondeni, lilikuwa likiongezwa maji ya mfereji uliokwisha kupita mashambani. Kwa wiki tatu walikwenda sawa. Kisha asubuhi moja, baada ya maji kubadilishwa jioni, viluwiluwi wote wa beseni la pili walikuwa wamekufa, na wa beseni la kwanza walikuwa wazima.

Watoto hawakulia sana. Waliuliza. Jana nani alikuwa anapulizia? Bomba lilioshwa wapi? Na msichana mmoja wa darasa la tatu akauliza swali ambalo wazazi walikaa nalo kimya: hayo maji si ndiyo yale tunayooshea vyombo?

Hatumnyoshei mtu kidole. Sote tunalima, na wengi wetu tunapulizia. Kahawa yetu inashambuliwa na chulebuni na kutu ya majani, na dawa za shaba, mrututu na jamii yake, zimeokoa mavuno ya familia nyingi. Mboga nazo zina wadudu. Lakini shaba hiyo hiyo inayoua kuvu kwenye kahawa ni sumu kwa viumbe wa majini hata ikiwa kidogo, na dawa nyingi za wadudu ni kali zaidi. Chura anadhurika mapema kwa sababu ya umbile lake. Yeye hanywi maji kwa mdomo; anayanyonya kwa ngozi, na kwa ngozi hiyo hiyo anavuta hewa. Ngozi isiyozuia maji haizuii sumu.

Mtaa ule ulikaa kikao baada ya ibada. Walikubaliana kwamba bomba la mgongoni litaoshewa shambani, mbali na mfereji, na maji ya kuoshea yatapuliziwa pale pale shambani badala ya kumwagwa. Chupa tupu hazitatumika tena kuchotea. Kikao kile hakikuitishwa na sisi wala na afisa wa wilaya. Kiliitishwa na beseni.

TULIYOJIFUNZA KIHANSI

Kuna mjumbe aliyetuuliza: kulea vyura ndani ya vyombo kuna faida gani kwa taifa? Tanzania ina jibu, nalo linajulikana duniani kote.

Milima yetu ya Upare ni sehemu ya Tao la Mashariki, mfululizo wa milima unaoanzia Taita nchini Kenya, unapita Upare na Usambara, na kufika Udzungwa. Huko Udzungwa, kwenye korongo la mto Kihansi, wataalamu walimkuta mwaka 1996 chura mdogo wa rangi ya dhahabu asiyefikia urefu wa sentimeta 3. Aliishi mahali pamoja tu duniani, kwenye majani yaliyolowanishwa na manyunyu ya maporomoko. Chura huyu hatagi; huzaa watoto walio vyura kamili.

Wakati huo bwawa la umeme lilikuwa linajengwa. Umeme huo, megawati 180, taifa lililihitaji, na sisi pia tunautumia. Mitambo ilipoanza kazi kufikia mwaka 2000, sehemu kubwa sana ya maji ya mto ilielekezwa kwenye mashine, na manyunyu yakakatika. Mwishoni mwa mwaka ule vyura 499 walichukuliwa kupelekwa New York, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, ili mbegu yao isipotee. Korongoni yakawekwa mabomba ya kunyunyiza maji, na vyura wakaanza kuongezeka. Lakini mwaka 2003 walianguka ghafla, na ugonjwa wa kuvu wa ngozi unaoua vyura ulikutwa miongoni mwao. Baada ya muda mfupi hawakuonekana tena. Mwaka 2009 walitangazwa rasmi kuwa wametoweka porini.

Waliobaki duniani walikuwa ndani ya vyombo vya kioo, huko Bronx na Toledo nchini Marekani, wakilishwa wadudu kwa mkono na kunyunyiziwa maji kila siku. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 2012 vyura walianza kurejeshwa korongoni. Watu wengi walicheka na kuuliza fedha zote hizo ni za chura. Lakini waliofanya kazi ile walifanya kile mtoto wa Shighatini anachokifanya uani: kubadilisha maji, kuhesabu kila asubuhi, na kutokata tamaa.

Na hapa ndipo amri yetu inapotoka. Kuvu ile husambaa pamoja na vyura, maji na tope linalohamishwa kutoka mahali hadi mahali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba imechangia kupungua kwa aina zisizopungua 501 za vyura na jamaa zao duniani, na 90 kati ya hizo zinadhaniwa zimekwisha kabisa. Kwa hiyo kiluwiluwi wa ndiva ya Shighatini arudi ndiva ya Shighatini, na maji ya beseni yamwagwe kwenye udongo mkavu mbali na mfereji.

MSITU HAUINGII KWENYE BESENI

Tusiende Udzungwa tu. Mwaka 2010 wataalamu walitangaza aina tatu mpya za chura kutoka milima yetu ya Upare. Mbili zilipatikana Upare Kusini katika msitu wa Chome. Ya tatu ni ya huku kwetu Kaskazini, katika misitu ya Kindoroko na Minja. Anaitwa Callulina laphami, na jamaa zake hutaga nchi kavu; mtoto hutoka kwenye yai akiwa chura tayari, bila kuwa kiluwiluwi.

Huyo hatuwezi kumlea kwenye beseni, na wala msijaribu. Beseni lake ni msitu wenyewe, majani yaliyooza chini ya miti na ukungu wa asubuhi. Lakini ukungu huo huo na mizizi hiyo hiyo ndiyo inayolisha vijito vya ndiva zetu. Anayekata mti Kindoroko anamnyang'anya chura yule nyumba na anatunyang'anya sisi zamu ya maji. Tathmini ya dunia iliyochapishwa mwaka 2023 inasema kwamba kati ya kila aina 5 za vyura na jamaa zao, 2 ziko hatarini kutoweka. Katika hizo, kuna za kwetu.

TUNAYOIOMBA KAMATI

Wapendwa wajumbe, tunaomba mambo matano, na tunaomba yaingie kwenye kumbukumbu za vikao vyenu.

1. Kila mtaa uchague nyumba mbili au tatu na darasa moja la shule ya Jumapili kuanza na beseni msimu wa mvua ujao, chini ya mtu mzima mmoja anayewajibika.

2. Kila usharika utenge mahali pa kuoshea mabomba ya dawa, mbali na ndiva na mifereji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataja meta 60 kutoka kwenye kingo za mito na mabwawa kuwa eneo la kulindwa. Tuanze kwa kuyapima mashamba ya usharika wenyewe.

3. Siku ya msaragambo wa kusafisha ndiva ipangwe kabla ya mvua, si katikati ya msimu wa mayai. Tope litolewe upande mmoja kwanza, ili viumbe wapate pa kukimbilia.

4. Siku ya kurudisha vyura iwe siku ya ibada ya watoto kando ya ndiva. Waombe, waimbe, wasome walichoandika kwenye madaftari yao, na wazee waseme historia ya ndiva ile na jinsi zamu zilivyopangwa.

5. Taarifa ya kila robo mwaka iwe na mstari mmoja wa chura: waliwekwa wangapi, walirudishwa wangapi, na kama wamekufa, walikufaje.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi. Beseni hamtahitaji kulinunua. Liko tayari kila nyumba. Chandarua chakavu kipo. Mtakapopokea taarifa zetu, msishangae kuona hesabu ya vyura karibu na hesabu ya miche na ya mita za bomba. Msaada tunaouomba ni wa kukarabati kingo za ndiva zinazovuja na kuwafundisha wakulima matumizi salama ya dawa. Namba ya vyura itawaambia kama fedha hizo zimefanya kazi, na chura hajui kuandika taarifa ya kumpendeza mfadhili.

Mwisho, tuwakumbuke watoto wenyewe. Wengi wao watashuka kwenda Mwanga, Same, Moshi na Dar es Salaam kutafuta maisha, kama walivyofanya kaka na dada zao. Ndiva itabaki mikononi mwa wachache watakaokaa. Tungependa kila mmoja anayeondoka awe amewahi, angalau mara moja, kufungua kiganja jioni kando ya maji na kumwona kiumbe aliyemlea akiruka kwenda zake. Mtu wa namna hiyo akipata kazi katika ofisi ya maji, ya kilimo au ya umeme, atakumbuka kuuliza nani mwingine anaishi ndani ya maji yale.

Masika yakifika, msiwafukuze vyura. Wasikilizeni. Ndiva ikinyamaza kabisa msimu wa mvua, hapo ndipo kamati ikutane haraka.

Mungu awabariki, azibariki ndiva zetu, na awabariki watoto wa Shighatini. Amina.